Mbwa wa kambini asipewe nyama mbichi: tupike, au tuache

BUNIA, ITURI – Wakaaji wa Bunia, nanyi jamaa mliokimbia makwenu mkalala chini ya bashi, kutoka Kigonze hapa mjini mpaka Drodro na Rhoo kule Djugu: leo siandiki juu ya vita wala juu ya bei ya mchele. Naandika juu ya chakula cha mbwa na cha paka. Najua kuna watakaocheka. Mwenye kucheka acheke, lakini asome mpaka mwisho, maana mtoto wake yumo ndani ya jambo hili.

Kuna neno linalozunguka katika kartie zetu na katika makambi. Wanasema mbwa akila chakula kilichopikwa anakuwa mpole kama mbuzi. Ukitaka alinde nyumba, mpe nyama mbichi yenye damu. Juu ya paka nako wanasema kwamba akizoea chungu cha nyumbani hashiki tena panya. Kwa sababu ya neno hilo, utaona kijana anatoka machinjioni jioni na mfuko wa plastiki unaovuja, ndani yake mapafu, bandama na matumbo yasiyooshwa. Anafika, anamwaga chini, mbwa wanagombania palepale watoto wanapocheza, na mfuko unabaki kuokotwa na mtoto wa jirani.

Nasema wazi: neno hilo ni uongo, na uongo huo una gharama. Wanaoueneza siyo wanaolipa. Wanaolipa ni watoto wanaotambaa, mama wajawazito, na wazee ambao miili yao imechoka kwa njaa na kwa kukimbia.

Kwanza tuheshimu sababu za watu

Wako watu wa mjini wanaosema: "Mkimbizi anafuga mbwa kwa nini? Yeye mwenyewe hana chakula." Maneno hayo ni ya mtu ambaye hajalala nje. Tangu Desemba 2017, vita viliporudi Djugu, watu wamekimbia mara moja, mara mbili, wengine mara tano. Mbwa wengi hawakuletwa na mtu; walifuata nyayo za bwana wao mpaka kambini. Usiku ule ambao hakuna mlango wala kufuli, ila bashi linalopigwa na upepo, mbwa anayebweka ni ukuta wa masikini.

Na paka vilevile. Panya wa kambini si mzaha. Anatoboa mfuko wa unga uliopangia foleni tangu asubuhi, anakojolea maharagwe, anauma kidole cha mtoto aliyelala. Tena sisi watu wa Ituri tuna sababu kubwa kuliko wengine ya kumwogopa panya: jimbo letu ni mojawapo ya sehemu za dunia ambako tauni, ile tunayoiita peste, haijaisha. Watu wa Rethy, wa Aru na wa Mahagi hawahitaji kufundishwa. Kwa hiyo simwambii mtu afukuze mbwa wake au atupe paka wake. Mnyama huyu ana kazi, na mwenye kazi anastahili kula. Ugomvi wangu ni juu ya nyama mbichi tu.

Ukali hautoki kwenye damu

Mbwa hawi mkali kwa kuonja damu. Ukali wake unatokana na ukoo wake, na namna alivyolelewa, na kama amefungwa kamba mchana kutwa, na kama anapigwa. Njaa nayo inamfanya akali. Lakini mbwa mwenye njaa hachagui mwizi. Anamrukia hata mtoto aliyeshika kipande cha muhogo. Je, huyo ndiye mlinzi tunayemtaka katikati ya mabashi yaliyobanana, ambapo hatua tatu zinakupeleka kwenye mlango wa jirani?

Mlinzi mzuri ni mbwa anayejua watu wa nyumba yake na kubweka anapoona mgeni. Hilo anajifunza kwa kuzoezwa, si kwa bandama mbichi. Mbwa wengi wa polisi huko Ulaya hulishwa chakula kikavu cha viwandani, kilichopitia kwenye moto, na hakuna mwizi anayewaita wapole.

Na paka hashiki panya kwa sababu ya njaa peke yake. Kuwinda kumo katika damu yake tangu kuzaliwa. Paka aliyeshiba kidogo anakaa karibu na nyumba na kumvizia panya. Paka mwenye njaa kali anazunguka kambi nzima, anaiba ndagala za watu, na mwisho anapigwa jiwe.

Nyama mbichi inaleta nini nyumbani

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Nitataja magonjwa moja baada ya jingine, ili mtu asiseme kwamba tunatisha watu bure.

La kwanza ni vifuko vya maji. Mkichinja mbuzi, kondoo au ng'ombe, mara nyingine mnaona kwenye ini au kwenye mapafu uvimbe mweupe uliojaa maji. Mchinjaji anaukata na kumtupia mbwa. Hapo ndipo ubaya unapoanza. Ndani ya kile kifuko kuna vichwa vidogo vya mnyoo. Mbwa akikila kibichi, minyoo inakua katika utumbo wake, midogo sana, na yeye mwenyewe haonyeshi ugonjwa wowote. Baada ya wiki kadhaa mayai yanatoka na mavi yake, yanashika manyoya yake, yanaingia katika udongo na katika mboga. Mtoto anamshika mbwa, kisha anatia mkono mdomoni. Yai linafunguka tumboni mwa mtoto, na kifuko kilekile kinaanza kukua katika ini lake au katika pafu lake, polepole, miaka mingi bila maumivu. Siku kinapoonekana, mara nyingi anatakiwa kupasuliwa. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni sehemu inayojulikana dunia nzima kwa ugonjwa huu, kwa sababu watu, mbwa na mifugo huishi pamoja sana. Sasa tazama kambi zetu uniambie kama nafasi ni kubwa kuliko ya kule.

Ugonjwa huu una mlango mmoja ambao sisi tunaweza kuufunga: mbwa asile ini wala mapafu mabichi. Ukichemsha nyama hiyo nusu saa nzima, mnyoo umekufa. Hiyo ndiyo tofauti yote, nusu saa ya maji yanayotokota.

La pili ni kuhara. Matumbo mabichi yamejaa vijidudu, na kimoja kinachojulikana sana ni salmonela. Mbwa anaweza kukibeba bila kuugua, akakiacha katika mavi na katika mate. Mtu mzima mwenye afya atahara siku chache. Mtoto wa mwaka mmoja aliyekonda kwa njaa, katika kambi ambako maji yanakuja kwa bidoni na choo kimoja kinatumiwa na familia nyingi, anaweza kufa kwa kuhara huko. Tumeogopa kolera, na tuna haki ya kuiogopa. Lakini tusifungue mlango wa pili wakati tunafunga wa kwanza.

La tatu linahusu paka na mama mjamzito. Paka akila nyama mbichi, au akila panya au ndege, anaweza kupata kijidudu kinachoitwa toksoplazma. Kwa wiki moja mpaka tatu anakitoa katika mavi yake. Mama mwenye mimba akikipata kwa mara ya kwanza, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na shida ya macho au ya ubongo. Hapa niseme ukweli wote: hatuwezi kumzuia paka kula panya, maana ndiyo kazi yake. Lakini tunaweza kuacha kumwongezea nyama mbichi, na tunaweza kuondoa mavi yake kila siku, kwa sababu kijidudu hicho hakiambukizi mpaka kikae nje siku moja au zaidi. Kazi hiyo asifanye mama mjamzito. Afanye mwingine, anawe mikono kwa sabuni.

Na juu ya panya wenyewe: mkiona panya wengi wanakufa ovyo bila sumu, msiwaokote kwa mikono wala msimpe paka. Viroboto huacha panya aliyekufa na kutafuta mtu. Paka naye anaweza kuugua tauni na kumwambukiza anayemtunza. Mwambieni muganga wa kituo cha afya siku hiyohiyo. Tauni inapona kwa dawa ikiwahiwa, ikicheleweshwa inaua.

La nne ni kichaa cha mbwa, kile kinachoitwa rage kwa Kifaransa. Hapa sitasema uongo ili kupata nguvu: nyama mbichi haileti kichaa cha mbwa. Kinaletwa na kuumwa na mnyama mwenye ugonjwa. Lakini rundo la matumbo lililomwagwa nje linaita mbwa wote wasio na bwana. Wanakusanyika, wanapigana, wanaumana, na mmoja akiwa mgonjwa anawapa wenzake. Kisha watoto wanapita hapo wakienda kuchota maji. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba watu 59,000 wanakufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao katika Asia na Afrika, na watoto wa chini ya miaka 15 ni wengi sana kati yao. Dalili zikishaanza hakuna dawa inayoponya. Kwa hiyo mtoto akiumwa, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mbio kituo cha afya kutafuta chanjo. Msipake majani, msipake mafuta ya motoka, msingoje kuona kama mbwa atakufa.

La tano ndilo linalonikasirisha kuliko yote: mnyama aliyekufa mwenyewe. Ng'ombe ameanguka malishoni, hakuchinjwa. Watu wanasema, "Sisi hatuli, lakini tumpe mbwa." Aprili 2025, katika Hifadhi ya Virunga, viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta, ule ugonjwa unaoitwa charbon kwa Kifaransa. Mizoga ilielea katika mto Ishasha, ambao maji yake huingia Ziwa Edward. Jambo hilo halikutokea ng'ambo. Limetokea hapa kwetu mashariki. Kimeta kinakaa katika udongo miaka mingi sana, na mzoga ukipasuliwa, damu inamwaga mbegu zake ardhini. Mbwa akivuta kipande cha mzoga mpaka nyumbani, ameleta kimeta nyumbani. Na katika jambo hili kupika siyo ruhusa, maana mbegu za kimeta ni ngumu kwa moto wa kawaida, na mwenye kukata nyama anaambukizwa kabla ya kuifikisha kwenye chungu. Mnyama aliyekufa mwenyewe hakatwi, haliwi, hapewi mbwa. Aitwe muganga wa mifugo, na mzoga uzikwe kwenda chini sana.

"Lakini huko Kanada wanawapa"

Nimeshasikia jibu la vijana wenye simu. Ndugu walioko Kanada, Ubelgiji au Marekani wanatuma video: mzungu anamkatia paka wake nyama mbichi katika sahani safi, na anasema ndicho chakula cha asili. Wengine wanafuga hata fereti, mnyama mdogo mwenye mwili mrefu, jamaa ya kicheche, anayelala nyumbani kama paka. Wenye fereti wanabishana sana juu ya kumwachisha chakula cha mfuko na kumwanzishia nyama mbichi.

Tuwatendee haki. Hoja yao ina kiini cha kweli. Fereti na paka ni walaji wa nyama kabisa. Utumbo wa fereti ni mfupi, chakula kinapita kwa saa chache tu, na nafaka haimsaidii sana. Paka naye anahitaji kitu kinachoitwa taurini, kinachopatikana katika nyama na samaki. Akikikosa, macho yake na moyo wake vinaharibika. Kwa hiyo mtu anayemlisha paka wake ugali mtupu mwaka mzima anamkosea. Hapo niko upande wao: mpe nyama.

Lakini kutoka "nyama" mpaka "nyama mbichi" ni hatua ambayo wanairuka bila kuangalia chini. Na hata huko kwao, kwenye friji na maji ya bomba na muganga wa mifugo kila mtaa, watu wameumia. Mwaka 2023 paka wengi walikufa kwa homa ya ndege nchini Polandi, na nyama mbichi ya kuku ilikuwa kati ya vitu vilivyoshukiwa. Desemba 2024, katika jimbo la Oregon, Marekani, paka wa nyumbani alikufa kwa homa hiyohiyo baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichouzwa dukani kikiwa kimegandishwa. Chama cha waganga wa mifugo wa Marekani kinawashauri watu tangu 2012 wasiwape mbwa na paka nyama ambayo haikupitia kwenye moto au njia nyingine ya kuua vijidudu. Na fereti, kwa taarifa yenu, anashika mafua ya watu kwa urahisi hivi kwamba wataalamu humtumia kuchunguza ugonjwa huo. Mnyama kama huyo kumpa kuku mbichi si jambo dogo.

Homa ya ndege nayo tunaijua. Mwaka 2017 ilitangazwa hapa Ituri, katika vijiji vya kando ya Ziwa Albert. Basi kuku au bata aliyekufa mwenyewe asitupiwe paka. Azikwe.

Mzungu wa video ana friji. Sisi nyama yetu imekaa juani tangu asubuhi, na nzi wamekaa juu yake. Yeye ana sakafu anayoipangusa kwa dawa. Sisi tuna udongo, na mtoto anakula akiwa amekaa juu ya udongo huohuo. Kuiga kitu cha watu bila vyombo vyao ni kununua hasara.

"Kuni zitatoka wapi?"

Hili ndilo jibu pekee ninaloliheshimu, na sitalikwepa. Mama atasema: "Wewe unaandika tu. Mimi nikienda kutafuta kuni naweza kukutana na watu wenye silaha. Makala ni ghali. Nipike sombe ya watoto au matumbo ya mbwa?"

Mama, una haki. Hakuna mbwa anayestahili mama kubakwa au kuuawa porini kwa ajili ya kuni zake. Kwa hiyo sikuambii uwashe moto wa pili. Nakuambia mambo matatu.

Moja: kama hakuna moto, usimpe nyama. Mbwa, tofauti na paka, anaweza kuishi kwa mabaki ya ugali au fufu, mchuzi, maharagwe yaliyopikwa, na vichwa vya samaki waliochemshwa pamoja na chakula cha nyumba. Hatanenepa, lakini hataleta vifuko vya maji nyumbani. Paka atapata vichwa vya ndagala zilizopikwa, na panya anaowashika mwenyewe.

Mbili: kama nyama imepatikana, ikatwe vipande vidogo, ichemshwe juu ya moto uleule baada ya chakula cha watu kuiva, katika kopo la peke yake lenye kifuniko. Vipande vidogo vinaiva kwa kuni chache. Maji yakianza kutokota, ndipo unahesabu nusu saa. Ukiona makaa hayatafika nusu saa, rudi kwenye neno la kwanza: usimpe.

Tatu: tusipike kila mtu peke yake. Familia kumi zenye mbwa katika bloki moja zinaweza kuwa na chungu kimoja, mara mbili kwa wiki, kwa zamu, kila nyumba ikileta kuni kidogo. Tumezoea likelemba kwa pesa; tunaweza kufanya likelemba ya moto. Hii haihitaji mradi wala gari lenye bendera. Inahitaji mkuu wa bloki aseme neno moja siku ya mkutano.

Ninajua pia wale watakaosema: "Watoto wetu hawaoni nyama, na wewe unatuambia tupikie mbwa." Jamani, ninasema juu ya nyama ambayo tayari inapewa mbwa. Kama ni nyama nzuri iliyopimwa, wale watoto kwanza. Kama haifai kwa watoto kwa sababu imeonekana ina ugonjwa, basi haifai kumwagwa mlangoni pa watoto hao kwa jina la mbwa.

Wauza nyama, na Leta yetu

Sitawabebesha wahami peke yao mzigo huu. Nyama mbichi haitembei kwa miguu kutoka machinjioni mpaka kambini. Kuna mtu anaiuza.

Ndugu wachinjaji na wauza nyama: mnaujua uvimbe wa maji mnapouona. Mnayajua mapafu yenye madonda magumu meupe, ambayo yanaweza kuwa ya kifua kikuu cha ng'ombe, ugonjwa ambao mbwa na paka nao wanaushika. Mkaguzi anapokataa ini au pafu, maana yake lichomwe au lizikwe. Haina maana ya kulipunguzia bei na kuliita "ya mbwa". Mnaokota franka kidogo leo, na kesho mayai ya mnyoo yanarudi kwa mbuzi wenu wanaokula majani yaleyale, nanyi mtatupa ini jingine. Hasara hiyo ni yenu pia.

Nyinyi wakuu wa mji na wa huduma ya mifugo: kila mahali pa kuchinja pawe na shimo refu lenye kifuniko, na ukuta au seng'enge ya kuwazuia mbwa. Hilo halingoji amani. Tangu Mei 2021 tumo katika hali ya dharura ya kijeshi. Kama kuna amri za kila aina, iwepo na moja ya kufunika shimo la machinjio. Tunalipa kodi ya soko kila siku. Mapafu mabovu yasilale barabarani.

Nanyi mashirika ya misaada: mnahesabu watu, mnahesabu vyoo, mnahesabu bidoni. Mbwa hamwahesabu, ingawa wanalala katika mabashi yaleyale mliyoyagawa. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mbwa wa kambi, na dawa ya minyoo inayoitwa prazikanteli, ambayo hata watu wanaimeza kwa bilharzia, ni vitu vinavyojulikana na visivyohitaji uchunguzi mpya. Kila tarehe 28 Septemba dunia inakumbuka siku ya kupambana na kichaa cha mbwa. Siku hiyo tunaomba sindano, siyo fulana zenye maandishi. Mkishindwa kuchanja mbwa wote, anzeni na makambi, kwa sababu ndiko watoto na mbwa wanalala karibu zaidi.

Mambo ya kushika

Kwa msikilizaji ambaye ataelezea jirani asiyejua kusoma, haya ndiyo ya kubeba.

Chemsha nyama ya mbwa na ya paka nusu saa tangu maji yatokote, hasa ini na mapafu. Usimwage mchuzi wake: changanya na ugali umpe, maana sehemu ya ile taurini ya paka imeingia katika mchuzi. Usitie kitunguu wala kitunguu saumu. Ni sumu kwa mbwa na kwa paka. Toa mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, kwa sababu inavunjika kama sindano na kuchoma utumbo.

Chombo cha mbwa kiwe cha mbwa. Kisu kilichokata matumbo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kugusa sombe. Mlishe mbali na mahali watoto wanapochezea, na mavi yake yafukiwe.

Mtoto akishamshika mbwa, anawe mikono kabla ya kula. Akiumwa, dakika 15 za maji na sabuni, kisha kituo cha afya. Mnyama aliyekufa mwenyewe, awe ng'ombe, kiboko, kuku au panya, hapewi mbwa wala paka, hata akipikwa.

Na yule kijana mwenye mfuko unaovuja, msimpigie kelele. Mwambieni haya, mwonyesheni chungu cha bloki kilipo, na siku ya zamu yake alete kuni kama wengine. Akikataa na kumwaga nyama mbichi mbele ya watoto wa watu, basi mkuu wa bloki ana haki ya kumwita mbele ya wazee na kumwuliza: ukali wa mbwa wako, ni nani kati ya watoto hawa umemchagua aulipie?